Miti ya Shangazi

Mto uliingia chumbani kwangu mtaani Mafiga usiku, na asubuhi ulipoondoka uliacha tope la kufika kifundoni. Ndani ya tope lile niliokota karoti, ndogo, bado ina majani yake. Wapangaji wenzangu walikuwa wanatoa magodoro nje na kuilaani manispaa. Mimi niliiosha karoti kwa maji ya bomba, ambayo nayo yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, nikauliza imetoka wapi.

"Mlimani," akasema mama mwenye nyumba. "Wanalima mpaka mtoni huko. Mvua ikipiga tunaletewa shamba zima mlangoni. Wewe umepata karoti, shukuru. Mwaka juzi jirani aliletewa mbuzi."

"Mzima?"

"Angekuwa mzima si tungemchinja?"

Sikuwa na kazi ya kunizuia kwenda kuona. Shule niliiacha darasa la tano kwetu Gairo, na tangu hapo nilikuwa nimepakia magunia ya karanga, nimekata miwa, nimeuza mitumba. Kwetu Gairo maji ni kitu cha kufuatwa mbali. Sikuwahi kuona maji yanayomfuata mtu hadi kitandani, na nilitaka kujua yameanzia wapi. Nikafunga nguo zangu kwenye shuka, nikaupandisha mto.

Njiani nilipishana na watu wanaoshuka na matenga ya kabichi na njegere kichwani, wakikimbilia magari ya wanunuzi kutoka Dar. Ulikuwa wakati wa ruksa. Kila mtu aliruhusiwa kununua na kuuza atakacho, na kilichotakiwa mjini ni mboga. Kadiri nilivyopanda ndivyo vipande vya mashamba vilivyozidi kubanana na mto, na mahali pengine miche ya kabichi ilikuwa inaloweshwa na maji yenyewe.

Aliyenipokea alikuwa mwanamume wa makamo aliyefanya kazi kiwandani mjini kwa miaka mingi. Kiwanda kilipopata mwenyewe mpya, wafanyakazi wakapunguzwa, naye akarudi mlimani alikozaliwa, pamoja na mkewe na watoto. Alinipa chakula na mahali pa kulala, mimi nikamsaidia kulima na kubeba matenga. Shamba lake lilikuwa kipande chembamba ukingoni mwa mto, ardhi nyeusi, laini kama unga uliokandwa. Ndilo lililowalisha, na hakuwa na jingine.

Ile karoti ingeweza kuwa yake. Matuta aliyachimba kufuata mteremko, kwa hiyo kila mvua iliyonyesha iliteremka nayo moja kwa moja majini. Bomba la dawa ya wadudu aliliosha mtoni, mahali ambapo chini kidogo watoto walikuwa wanachota maji ya kunywa. Nilimwuliza kama anajua udongo wake unafika mjini.

"Najua. Nimekaa huko, nimeuoga," akasema. "Lakini karoti haioti juu ya jiwe."

Kabla ya masika ulikuja mradi. Bwana misitu aliitisha mkutano kwenye uwanja wa shule akaeleza kwamba mji unazama, bwawa la maji ya mjini linajaa tope, na kijiji kimepitisha sheria ndogo. Anayelima ukingoni apande ukanda wa miti na majani ya mabingobingo kati ya shamba na maji. Asiyepanda aondoke ukingoni. Miche ni bure. Mwenyeji wangu alichukua miche ya mikangazi, akaipanga kivulini nyuma ya nyumba, akawa anaimwagilia kila jioni. Wiki zikapita. Hakuipanda.

Nilipomwuliza, ndipo akanieleza jambo ambalo kila mtu pale alilijua isipokuwa mimi na bwana misitu. Kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama. Ukoo wa mama yake uko upande wa pili wa mlima, na wajomba zake wamekwisha gawana hadi kila mmoja amebaki na kipande chembamba kama kamba. Kile kipande cha ukingoni ni cha ukoo wa baba yake. Shangazi yake, dada wa marehemu baba, ndiye mlinzi wa ardhi ya ukoo huo, naye alimwazima kwa ngoto: kila mavuno ampelekee tenga la mazao na kuku, kuonyesha kwamba hajasahau ardhi ni ya nani. Alime chochote cha msimu. Mti asipande, hata mgomba. Anayepanda mti amesema ardhi ni yake, na anayesema hivyo juu ya ardhi ya kuazima ni mwizi.

"Ukipanda, shangazi anatufukuza," mkewe akasema. "Usipopanda, mradi unatufukuza. Sijui tuipande miguu yetu."

Bwana misitu akaja kukagua, akaikuta miche nyuma ya nyumba.

"Hii inasubiri nini? Nyumba ipate kivuli?"

"Inasubiri ruhusa, bwana misitu."

"Ruhusa si nimekupa mimi?"

"Ya mwenye ardhi."

"Ardhi ni ya serikali, mzee."

"Basi serikali ije kumla kuku wake," akasema mke kutoka jikoni. "Siku zote analiwa na shangazi."

Bwana misitu alicheka, lakini aliondoka amesema kwamba mvua zikianza kabla ya miti, jina lake litaenda kwa mtendaji wa kijiji.

Siku mbili hivi baadaye mwenyeji wangu alirudi kutoka shambani anatabasamu. Amepata njia. Miti haitapandwa na yeye. Atamwomba shangazi aipande kwa mkono wake, iwe ya ukoo. Mradi utaona miti, ukoo hautaona mwizi.

"Na baada ya hapo?" mkewe akauliza.

"Tunalima nyuma ya miti, kama kawaida."

"Wewe hukulelewa huku. Umelelewa na king'ora cha kiwanda."

"Wivu tu. Mawazo mazuri umezoea yatoke kwako."

Tulimkuta shangazi kibarazani anabambua njegere. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia bila kuacha kazi, akamtazama kuku aliyekuwa kwapani mwa mpwa wake.

"Mtoto wa kaka yangu, ngoto kabla ya mavuno? Umeota nimekufa?"

Mwenyeji wangu akaeleza shida yake. Shangazi alisikiliza, kisha akasema kwamba miti ya wageni anaijua. Zamani walikuja watu wakapanda mstari wa miti kule juu wakasema ni alama tu. Sasa ukiuvuka mstari ule na mzigo wa kuni unakamatwa.

"Hii haitakuwa ya wageni, shangazi. Utaipanda wewe."

"Nikiipanda mimi ni ya ukoo."

"Ni ya ukoo."

"Umesema kwa kinywa chako. Na huyu wa Gairo amesikia."

"Nimesikia," nikasema. Nilifurahi kuhesabiwa miongoni mwa watu.

Alikuja kupanda na wanawake wa ukoo wake. Walichimba kwa haraka, miti kwa mabingobingo, wakitaniana na kunitania mimi kwamba watu wa Gairo huogopa mti kwa sababu hawajawahi kuuona. Mmoja akapiga kigelegele mche wa mwisho ulipoingia. Bwana misitu alifika akampa mwenyeji wangu mkono mbele ya watu, akamwita mkulima wa mfano. Usiku ule tulikula kuku.

Masika yakaja. Mabingobingo yalishika mapema kuliko miti. Nilikuwa nashuka ukingoni mvua ikikatika, kutazama. Pale ambapo zamani maji ya shambani yaliingia mtoni yamejaa tope, sasa yalichujika kati ya majani, yakaacha udongo wake juu. Nilimwita mwenyeji wangu aone. Tulichuchumaa pamoja tukitazama maji kama watu wanaotazama mtoto amelala.

Baada ya mavuno tukapeleka ngoto, tenga la karoti na jogoo. Shangazi alipokea karoti, akatupa ugali na njegere, tukala. Tulipoaga akamshika jogoo miguu, akamrudisha mikononi mwa mpwa wake.

"Rudi naye. Jogoo wa ngoto huletwa kwa ardhi ya kuazima. Pale ukoo umepanda. Wajukuu zangu watapalima."

Mwenyeji wangu alibaki amesimama na jogoo.

"Shangazi, si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana miti ni ya ukoo. Sasa miti iwe ya ukoo, udongo inaposimama uwe wa nani?" Akanigeukia. "Mgeni, nimesema uongo?"

Hakuwa amesema uongo. Nikamwambia hivyo, na mwenyeji wangu hakunitazama.

"Sikufukuzi," shangazi akaendelea, kwa sauti ya chini zaidi. "Mtoto wa kaka yangu hawezi kulala njaa nikiwa hai. Kule juu, karibu na msitu, pana mahali. Lima. Kuku wa huko nitampokea."

Siku iliyofuata nilishuka peke yangu kumweleza bwana misitu. Alisikiliza vizuri, hata akavua kofia. Kisha akaniuliza kama miti ya ukingoni imeng'olewa. Nikasema haijang'olewa. Akasema basi sheria imefuatwa. Mradi wake ni wa ukingo, mteremko una watu wake, nao hawajafika.

Mahali pale juu palisimama kama ukuta. Tulifyeka, tukachoma, tukalima tumeegemea jembe tusianguke. Mawe yalitutoka miguuni yakaporomoka kuelekea mtoni. Mwenyeji wangu alikata matawi akayalaza kwa kukingama, safu juu ya safu, kuzuia udongo. Alikuwa ameona kwa macho yake kinachofanywa na majani kule ukingoni, na hakuwa mtu wa kuambiwa mara mbili.

Mvua ilitukuta mchana, mahindi yakiwa yamechipua. Haikuwa kubwa. Safu ya juu ya matawi ilijaa, ikapinda, ikaachia, ikaiangukia ya pili, zikashuka pamoja. Alipiga magoti akawa anarudisha tope kwa viganja. Lilipita kati ya vidole vyake. Mkewe alikuwa anamshika shati, anamwambia, "Baba watoto, acha. Baba watoto, utakwenda nalo."

Mvua ilipokatika palibaki mwamba, mweupe, umeoshwa. Tulisimama tukiutazama. Kisha akafuta jembe lake kwa majani, akainua uso kuelekea miti ya kwanza ya msitu.

"Pale juu," akasema, "udongo bado upo."