Chupa Nilizonywewa

Watu wanaopanda miamba hunywa. Sijakutana na kundi lisilokunywa, ingawa makundi niliyoyajua ni mawili tu: la wanafunzi wenzangu, nilipokuwa nasoma jiolojia mbali na kwetu, na hili la Palma, kaskazini ya Msumbiji, ambalo ndilo ninalolifahamu kwa undani na ndilo lililonichosha. Aliye nje hudhani kwamba kinachowakutanisha ni jiwe. Jiwe huchukua asubuhi, kabla jua halijawa kali. Siku iliyobaki ni ya geleira ya plastiki iliyojaa barafu na bia, na ya hadithi za jiwe lile lile, ambalo kwa kila chupa huzidi kuwa refu.

Jabali letu si refu. Kaskazini ya Palma kuna mahali ambapo pwani haiteremki kwa mchanga bali hukatika ghafla: ukuta wa matumbawe ya kale, umeliwa na maji chini na kubakiwa na meno juu. Wenyeji hupita pale maji yakitoka, kutafuta pweza. Mimi nilikwenda kwa kazi, kwa kuwa napima udongo na mawe kwa ajili ya wajenzi wa barabara, nikakuta watu wananing'inia. Walikuwa mafundi wa kamba, wale wanaopaka rangi matangi na kukagua minara bila jukwaa, mshipi kiunoni na miguu hewani. Wiki nzima walining'inia kwa mshahara. Jumapili walikuja kuning'inia bure. Niliwaona wendawazimu. Haukupita muda nikawa nimenunua viatu.

Aliyenifundisha kufunga fundo ni mtu wa bara, Mmakonde wa uwanda wa juu, Mkatoliki, mwenye viganja vigumu na mdomo usiotulia. Mimi natoka katika ukoo wa wachuuzi waliovuka Ruvuma kutoka upande wa Mtwara. Ni Mwislamu wa wastani, sijapata kuionja pombe, na sijisifu kwa hilo, kwani sikuwahi kuitamani. Tulipogundua kwamba tunaweza kutukanana bila kuumizana tukaanza kuitana watani, na tangu hapo hatukuhitaji jina jingine.

Kundi lilikuwa na desturi yake, iliyoletwa na msimamizi wao, mtu wa kusini ya nchi, ambaye wote tulimwita mestre, yaani fundi mkuu. Mtu akipanda kwa mara ya kwanza mahali ambapo hakuna aliyewahi kupanda, akafika juu bila kuiegemea kamba, akishuka hufunguliwa chupa. Funda moja humwagwa juu ya jiwe. Iliyobaki anainywa mpandaji mwenyewe, kwa mkupuo, amesimama, kisha anaipa ile njia jina. Asipokunywa, njia haihesabiwi. "Jiwe kavu halina jina," mestre alipenda kusema, kwa sauti ya padri.

Siku nilipofungua njia yangu ya kwanza, alinisogezea chupa, akiniita doutor, yaani msomi, kama kawaida yake.

"Haya, doutor, batiza."

"Sinywi, mestre. Nitamwagia jiwe yote."

"Yote? Epá! Jiwe lilewe, wewe ubaki mkavu? Haikubaliki."

"Basi njia ikae bila jina."

"Njia isiyo na jina ni moja tu, ile ya kwendea kwa mke wa mwenzio."

Wakaangua kicheko. Mtani wangu akaitwaa chupa mkononi mwa mestre. "Lete hapa. Huyu shehe, msimtie dhambini siku ya Jumapili yangu. Mimi nitamnywea, yeye ataniombea. Mizani iko sawa."

Akanywa ya kwangu, akafungua na ya kwake. Hivyo ndivyo ilivyokuwa sheria. Wakati ule nilikuwa mwepesi, na matumbawe, ambayo huwakata vidole wengine, kwangu yalikuwa kama ngazi. Nilifungua njia nyingi kuliko mtu yeyote pale. Kila nilipopanda vizuri, mtani wangu alikunywa mara mbili. Ilikuwa heshima, na sitaki kuiandika leo kana kwamba ilikuwa kitu kingine. Alipokuwa akininywea alinitazama machoni, na mimi nilijiona mtu wa kundi, ambalo si jambo dogo kwa mtu ambaye msikitini wanamwona amezidi kusoma na kazini wanamwona amezidi kuswali.

Kisha vita vikafika Palma, ikaja miaka ya kukimbia. Mimi na wangu tulivuka mto kwa ndugu. Yeye na wake walipanda Mueda, kwao uwandani. Kuhusu miaka hiyo sina la kuongeza juu ya yale ambayo kila nyumba ya huku inayajua. Tuliporudi tulikuwa wachache, kamba zilikuwa zimeliwa na panya, na barabara ya kijiji cha Mute ilikuwa na vizuizi ambapo askari walitufungulisha mifuko, wakazishika pete zetu za chuma wakiuliza ni za kumfungia nani. Mestre alileta kamba mpya, na geleira mpya pia. Tukaanza tena.

Lakini unywaji haukuwa ule. Zamani bia ilikuja baada ya jiwe. Sasa jiwe ndilo lililokuwa likija katikati ya bia. Zamani chupa ililegeza ulimi, watu wakasimulia. Sasa ilizunguka ili watu wasisimulie, na kila mtu alijua ni nini hasa kisichosimuliwa, basi tukacheka kwa nguvu zaidi. Mtani wangu alianza kuja na nipa, ile pombe kali ya mabibo, ameitia katika chupa ya maji. Hakuificha. Aliiweka juu ya mwamba, karibu na viatu vyake, kama mtu anavyoweka miwani.

Jumapili moja yeye ndiye aliyekuwa chini ameshika kamba yangu, anikamate nikianguka. Niliteleza. Mahali ambapo kamba ilipaswa kukaza haikukaza. Nikapitiliza, kisigino kikagonga ukingo wa jiwe, ndipo ikanikamata. Niliposhushwa mestre akatamka, "Kamba imelowa." Kamba ilikuwa kavu. Mtani wangu alikuwa anatazama viganja vyake, kimoja, kisha kingine. Nilichechemea mpaka kwenye gari, na kwa mara ya kwanza njia nzima hakunitania.

Kwamba ameacha kunywa hakuniambia yeye. Niliambiwa na mkewe, anayeshona sare za shule karibu na soko, siku nilipompelekea suruali ya kupunguza.

"Shemeji," alisema, macho kwenye cherehani, "nina swali la kijinga."

"Uliza, shemeji."

"Mume wangu akitoka huko kwenu, chupa yake naijua. Ile ya pili ni ya nani?"

Nikacheka kidogo. Yeye hakucheka.

"Ni yangu," nikasema.

"Ala! Na ukiumwa, vidonge vyako anameza nani?"

Akakata uzi kwa meno. "Tangu mvua zianze hajagusa. Hajaniambia kwa nini na sijamwuliza, maana aliyelala usimwamshe. Na kuja huko simzuii. Akishinda ndani ndiyo mbaya zaidi. Ninachokuomba ni hicho tu, asishikishwe chupa isiyo yake."

Nikaahidi. Nilidhani ni ahadi nyepesi: ili nisinywewe, ilinitosha nisifungue njia mpya. Na hiyo haikuwa shida, kwa sababu sikuwa mwepesi tena. Ilikuwepo moja tu iliyobaki rohoni, ufa ulio upande wa kulia, unaopanda wima kisha unajikunja chini ya mdomo wa jabali, ambapo lazima uachie miguu na kuuamini mkono mmoja. Nilikuwa nikiujaribu tangu kabla ya kukimbia. Nilijiambia kwamba nitaendelea kuujaribu, kwa kuwa haiwezekani.

Kisha Jumapili moja ikawezekana. Sijui kwa nini. Mwili nao una siku zake. Vidole vilikaa kila nilipoviweka, miguu ikaachia na kurudi, na mara nikawa nimekamata ukingo wa juu kwa mkono mzima, jiwe la moto, na mbele yangu majani makavu yanapepea usawa wa macho. Ilibaki kujivuta tu. Chini mestre alikuwa ameshaona, akapaza sauti, "Leteni ya doutor!" Nikasikia kifuniko cha geleira kinafunguliwa na barafu inachokorwa.

Aliyeshika kamba alikuwa mtani wangu. Alikuwa amekaa miezi bila kugusa, na mimi nilikuwa mkono mmoja mbali na kumfungulia chupa mbele ya watu wote.

Nikaachia.

"Imenishinda," nilisema nilipogusa chini.

"Mkono ulikuwa juu, doutor! Nimeuona mimi!" mestre alipiga kelele.

"Umeteleza."

Mtani wangu alinishika kwa mshipi, kama mbuzi wa sokoni, akanipeleka nyuma ya mwamba ambapo wengine hawakutusikia.

"Umeachia."

"Nimechoka, mtani."

"Shehe, usinidanganye bila hata kutawadha. Mtu akiteleza hupiga kelele, humwita mama yake. Wewe umeshuka kimya kama unashuka kitandani."

"Mkeo—"

"Mke wangu ana haki yake kwangu. Wewe una ipi?" Aliuachia mshipi wangu. "Muda wote huu najiandaa kwa siku hii tu. Wafungue chupa yako, mestre anishikishe, wote wananitazama, nami niseme hapana. Nyumbani nasema hapana kwa ukuta, ukuta haukulazimishi. Nilikuwa naingoja hii. Sasa umeninyang'anya. Niseme hapana kwa nani, kwa kaa?"

"Na kama ungeshindwa?"

"Ningeshindwa. Lakini ningekuwa nimeshindwa mimi, si wewe kushindwa kwa niaba yangu. Funga fundo. Panda tena."

Nilimwambia mikono imekwisha. Akasema hiyo ni shida ya mikono. Nikapanda. Mara ya pili haikuwa na neema yoyote: nililia, nilikwaruzika, chini ya mdomo wa jabali nilidhani bega limeachana na mwili, na nilipojivuta juu nililala kifudifudi katika majani nikihema kama mnyama. Nilikuwa nimeingoja furaha ile miaka mingi, na ilipokuja sikuwa na nafasi ya kuiweka.

Nilipofika chini chupa ilikuwa imeshafunguliwa. Mestre aliipeleka moja kwa moja kwa mtani wangu, bila nia mbaya, kama unavyompa mtu kofia yake. Wote wakapiga makofi ya mfuatano, yale ya kumharakisha mnywaji. Akaipokea. Akaitazama kwa muda ulioonekana kwangu mrefu kuliko ule ufa. Akamwaga funda moja juu ya jiwe, akamrudishia mestre iliyobaki.

"Hii ni ya mwenyewe. Mwenyewe hanywi. Na mimi simnywei."

"Leo?"

"Leo."

"Lakini jiwe kavu—"

"Liache likae kavu. Limekaa kavu tangu Mungu aliumbe."

Ningeweza kumsahihisha kwamba jiwe lile lilizaliwa chini ya maji, lakini haikuwa siku ya jiolojia. Makofi yalikufa moja moja. Mestre aliigeuza chupa mkononi, akaona haya kuimwaga na haya kuinywa, mwishowe akainywa mwenyewe, pembeni, akiwa ametupa kisogo. Njia ile haikupewa jina.

Ningependa kuishia hapo. Baada ya wiki chache mtani wangu alikunywa tena. Hapakuwa na msiba wala ugomvi. Ilikuwa siku kama nyingine, na hakuwa amemnywea mtu. Mkewe aliponirudishia suruali nyingine alinieleza kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya uzi, nami nilihisi, pamoja na huzuni, kitu kinachofanana na kufunguliwa mzigo: kwa muda mrefu nilikuwa nimeamini kwamba ulevi wake unapimwa kwa chupa zangu. Haukuwa wangu kiasi hicho.

Jumapili za kundi nimeziacha. Si kwamba nawalaumu. Ni watu wema, na pengine bila ile geleira wasingejua namna ya kuambiana kwamba walifurahi kuonana wazima. Nimechoka tu kuwa mtu pekee anayekumbuka siku ilivyokwisha.

Siku hizi tunakwenda wawili, mimi na mtani wangu, mapema, kabla ya wengine kuamka. Kabla ya kukaguana mafundo huja karibu, ananipumulia usoni, anasema, "Nusa." Jambo hilo alilianzisha mwenyewe. Ikiwa hakuna kitu, tunapanda. Kikiwepo, kamba haitoki mfukoni, na hakuna anayeuliza swali.

Jumapili iliyopita alinipumulia.

"Kipo," nilimwambia.

"Najua. Nilipolala nilijua."

"Sasa umetembea mpaka huku kufanya nini?"

"Kunuswa," akasema, akaketi.

Nikaketi naye. Alikuwa na muhogo wa kuchemsha ndani ya karatasi, tukala bila chumvi, tukiwatazama wanawake wakichokoa pweza kwenye mashimo ya ule mwamba. Alinieleza habari ya bati la nyumba yake, nikamweleza habari ya mgongo wangu. Tuliposikia gari la mestre linakuja tuliinuka, kila mmoja akashika mkanda mmoja wa mfuko wa kamba, tukaondoka kwa njia ya nyuma.