Kitambaa Kilichorudi Barazani

Kwa miaka mingi Rehema alishona nguo kwenye baraza la duka la vitambaa la Mama Kanta, mjane wa Kihindi, katikati ya Lubumbashi. Mtaa ule ulikuwa wa Wahindi tangu enzi za Wabelgiji: maduka chini, familia ghorofani, harufu ya bizari kutwa nzima. Mwaka 1991 askari walivunja maduka, raia wakafuata kupora, na majirani wengi wakakimbilia Zambia. Mama Kanta alibaki na rafu tupu.

Mambo yalipotulia, Rehema alirudisha cherehani yake barazani. Mteja wa kwanza, mama mmoja wa mtaa wa Bel-Air, alileta kitambaa cha maua ya njano, akitaka gauni la ubatizo wa mwanawe. Rehema alikitambua papo hapo. Kilitoka rafu ya humo humo dukani, kabla ya uporaji. Akamwita Mama Kanta.

Mama Kanta akatoka, akakishika kile kitambaa.

"Umushonee, Rehema," akasema. "Mutoto haina na kosa."

Yule mama akainamisha kichwa. Rehema alishona, ingawa moyo ulimuuma hadi pindo la mwisho.