Kikombe Kilichokosa Msumari

Kuni za klabu nilipeleka kila Ijumaa, kwa sababu moto uliwashwa Jumamosi na Madam hakutaka kuni zilale ndani zaidi ya usiku mmoja. Alisema zinaleta mchwa. Mimi nakaa Kapsoit. Kwetu hasa ni Kisii, lakini nimekaa huku kiasi cha kutukanwa kwa Kikipsigis nikaelewa yote na kujibu nusu. Kazi ya kuni ilinifundisha kuhesabu kila kitu mara mbili: mara ya kwanza kwa ajili yangu, mara ya pili kwa ajili ya mnunuzi anayejifanya haangalii.

Madam alikuwa anaangalia. Alikuwa katibu wa klabu, mama mzungu aliyeletwa huku akiwa bibi harusi, mume wake fundi mkuu wa mitambo kwenye kiwanda cha majani chai. Mume alikufa zamani, akazikwa kando ya kanisa dogo lililo juu ya mashamba. Madam akabaki kwenye nyumba ndogo nyuma ya klabu, na nyumba hiyo ilikwenda pamoja na klabu. Kwa hivyo hesabu yake ilikuwa rahisi. Klabu ikiwapo, ana kitanda na anaweza kutembea kwa miguu hadi kaburini. Klabu ikifa, hana kitanda wala kaburi.

"Kuni hii ni maji tupu, Mama Kuni," alikuwa akiniambia kwa Kiswahili chake kilichovunjika, akigonga gogo kwa fimbo yake.

"Madam, hiyo imekauka mpaka imesahau ilikuwa mti."

"Wewe ndio nasahau. Hii bado nakumbuka mvua ya jana."

Askari wa langoni alikuwa akisogea karibu ili asikie vizuri. "Nyinyi wawili mkikosana," alisema, "hii klabu itafungwa."

Ukumbi wa klabu ulikuwa na sakafu ya mbao, meko ya mawe, na juu ya meko safu ndefu ya misumari. Kila mwanachama alikuwa na kikombe chake kwenye msumari wake, herufi za jina zikiangalia ukumbini. Mwanachama akifa, kikombe hakikuondolewa. Kiligeuzwa tu, herufi zikaangalia ukuta. Mimi nilivihesabu tangu siku ya kwanza nilipoingia na kuni, kwa mlango wa jikoni, ambao watu wa rangi yangu waliuzoea tangu enzi za babu zetu. Vilivyogeuzwa vilikuwa vingi kuliko vilivyotazama. Nikahesabu tena. Ni hivyo hivyo.

Tena chai yao! Majani yamechumwa hapa, yameenda ng'ambo, yamerudi ndani ya boksi lenye picha ya farasi, ndipo wakayanywa, maziwa yakiwa kando kama ya mgonjwa. Niliwahi kumuuliza Madam kwa nini wasivuke tu barabara wakanunue kiwandani. Akasema hiyo ya boksi ndiyo yenye ladha ya nyumbani. Sikuuliza nyumbani ni wapi.

Halafu korona ikaja. Baa zikafungwa, mikutano ikakatazwa, wazee wakaambiwa wakae nyumbani. Wanachama waliokuwa na watoto ng'ambo waliondoka na ndege za mwisho, wengine hata bila kuaga. Familia moja ya wafanyabiashara wa mjini, wanachama pia, ikahamia Nairobi. Wakabaki wawili, Madam na Daktari.

Daktari alikuwa daktari wa ng'ombe, mzungu pia, mzee mrefu aliyestaafu akakaa upande wa Bomet. Alikuwa ametia mkono ndani ya ng'ombe wengi sana wa wilaya ile, na watu walimsalimu kama mjomba. Kila Jumamosi mchana alikuja na landrova yake iliyokohoa kuliko wagonjwa wa wodini, akakaa mwisho mmoja wa veranda na Madam mwisho mwingine, barakoa zikining'inia kwenye videvu, wakapigiana kelele kama watu wa ng'ambo mbili za mto.

Haikuwa kwa mapenzi ya kelele. Majengo ya klabu, nyumba ya Madam ikiwemo, yalikuwa ya kampuni ya chai, na makubaliano ya zamani yalisema wanachama watayatumia mradi wakutane humo kila mwezi. Meneja wa shamba alikuja kuwakumbusha. Alikuwa kijana wa huku huku, msomi, mwenye adabu. Alisimama mbali akapaka sanitaiza mikononi mpaka nikadhani anaosha dhambi.

"Mama, mimi nimetumwa tu," alimwambia Madam. "Wakubwa wanasema mkiwa wawili mnakutana. Akibaki mmoja, huo si mkutano. Mtu mmoja anakutana na nani?"

"Na mimi mwenyewe," Madam alisema. "Tunagombana sana."

Kijana alicheka, lakini hakubadilisha neno lake.

Daktari ndiye aliyepata wazo la kuongeza mtu wa tatu. Nilikuwa napanga kuni kando ya meko, naye amesimama mlangoni, akanisalimu kwa Kikipsigis. "Chamgei, Mama Kuni."

"Chamgei mising, Daktari."

"Unataka kuwa mwanachama?"

Nilidhani ananichokoza. "Nikiwa mwanachama kuni nitamuuzia nani? Mimi mwenyewe?"

"Utajipunguzia bei kwa mara ya kwanza maishani."

"Sawa. Lakini chai nitaleta yangu, na maziwa yachemke ndani."

Madam hakucheka. Alikuwa ameketi wima, nami nikaona amekwisha kulifikiria jambo hilo kabla yetu sote. Akasema vizuri, Daktari atapendekeza jina langu, litabandikwa ubaoni Jumamosi nne, ili mwenye pingamizi apinge. Baada ya hapo mpendekezaji atakitundika kikombe changu kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya moto. Ndivyo ilivyofanywa kwa kila mtu. Ndivyo ilivyofanywa kwa mume wake.

Mimi nimezaliwa sokoni. Nilitazama ule ukumbi mtupu.

"Madam, nani atapinga? Vikombe?"

"Nne," alisema.

"Leo anitundike. Yuko hapa, mkono anao."

"Nne."

"Basi mbili. Tukutane katikati."

"Mama Kuni, hii si kuni."

Nilimgeukia Daktari anisaidie, naye akainua mabega. Hata yeye aliona ni sawa. Wazee wawili wamebaki duniani na nyumba inawaponyoka, na bado wanaupa ubao nafasi ya kukataa. Nimewaza sana juu ya hilo. Mtu wa kwetu angeandika jina asubuhi na jioni awe ameshachinja kuku. Lakini wao walikuwa wamebakiwa na utaratibu huo tu, na kama wangeukata, sijui kama kilichookolewa kingekuwa klabu au nyumba tu yenye meko.

Jina langu likabandikwa. Madam alienda mwenyewe sokoni Kericho kuninunulia kikombe, cheupe chenye ukingo wa buluu, akalipa kama mtalii. Nilipomwambia alivyoibiwa alifurahi, maana wiki hiyo hatukuwa tumegombana. Herufi zangu alizichora kwa rangi ya kucha.

Jumamosi ya kwanza ilipita. Ya pili, Daktari aliusoma ubao kwa sauti kubwa, akasubiri akitazama huku na huku, akasema, "Kimya. Endelea." Ya tatu landrova haikuja. Madam alikaa mwisho wake wa veranda akitazama kiti cha upande wa pili. Moto aliuwasha mwenyewe, kwa sababu moto wa klabu huwashwa na mwanachama, na mimi bado sikuwa kitu. Saa kumi alipigiwa simu na mpishi wa Daktari. Mzee amepelekwa hospitali, pumzi haitoshi.

Kipindi hicho kafyu kwetu ilikuwa saa moja jioni, na hospitali hazikuruhusu mtu kumwona mgonjwa wake. Madam alituma supu kwa pikipiki. Ilirudi. Akatuma tena. Ya pili haikurudi, akasema basi ameinywa. Mimi sikumwambia kwamba wauguzi nao hula.

Alikufa katikati ya wiki. Walimzika asubuhi na mapema, watu wachache waliopimwa joto getini kwa kile kibunduki, na wafugaji waliomjua wakasimama nje ya ua kwenye mvua, wametengana kama miti iliyopandwa na serikali. Nilikuwa kati yao. Ng'ombe wangu mmoja, Daktari ndiye aliyemzalisha kwa mkono wake, na hakutaka hata chai.

Jumamosi ya nne nilifika nimevaa nguo ya kanisani. Sijui kwa nini. Madam naye alikuwa amevaa vizuri. Alisimama mbele ya ubao akasoma karatasi yenye jina langu, akangoja muda uleule aliokuwa akingoja Daktari, kisha akaing'oa pini.

"Hakuna aliyepinga," alisema.

Kikombe changu kilikuwa juu ya meza. Msumari ulikuwa wazi. Kati ya hivyo viwili ilikuwa hatua ambayo mtoto angeruka.

"Kitundike wewe," nilimwambia.

"Mimi si mpendekezaji."

"Basi nitakitundika mimi. Nani ataona?"

"Mimi nitaona."

Nimeuza kuni mbichi kwa mapadri. Nimepunguziwa faini na polisi wa kafyu mpaka akaniomba nauli. Lakini siku hiyo aliponiomba kigoda nilikileta bila kubishana. Alikipanda, nikamshika kiuno asianguke, akakigeuza kikombe cha Daktari taratibu, herufi zikaangalia ukuta. Alikuwa mwepesi kuliko mzigo wa kuni wa mtoto.

Meneja alimpa hadi mwisho wa mwezi uliofuata, na nadhani huo mwezi aliuongeza yeye, si wakubwa. Mpwa wa Madam huko ng'ambo alikuwa na chumba cha kumpa. Madam alisema kina dirisha. Alipanda kaburini kwa mume wake kila siku, na mara moja nilimsindikiza hadi mlangoni pa kanisa, nikabaki hapo nikijifanya nafunga kiatu.

Ijumaa ya mwisho nilileta kuni kama kawaida, kavu kweli safari hii. Askari alisimama asikie. Madam hakuzigonga.

"Madam, hii ni maji tupu," nilisema mwenyewe, ili tuanze.

"Hapana," alisema. "Ni nzuri."

Askari akarudi langoni.

Aliwasha moto siku hiyo hiyo, bila kungoja Jumamosi, maana Jumamosi gari lingemchukua alfajiri. Tulikunywa chai, ya boksi kwake, yangu ikiwa imechemka na maziwa. Kisha akaniambia nimshike kiuno tena. Nilidhani anataka kuchukua kikombe chake aende nacho. Nikamwona akikigeuza mwenyewe, kwa kuwa hakuna mwingine aliyebaki wa kumgeuzia.

Aliposhuka alinipa changu, amekifunga kwa gazeti.

"Chukua," alisema. "Hiki bado naangalia mbele."

Kiko jikoni kwangu Kapsoit, juu ya rafu. Mume wangu aliwahi kusema atanigongelea msumari. Nilimwambia asubiri, yeye si mpendekezaji.