Siku Refarii Alipotandika Kitambaa

Nitasema mwenyewe, maana hakuna aliyewahi kunisemea: kusini yote ya Stockholm haijaona mtu wa kukimbia na mpira kama mimi. Sizungumzii mpira wa miguu, huo kila mtu anautaka. Nazungumzia ule wa Kimarekani, wa kofia ngumu na mabega ya plastiki, ambao hapa Sweden unachezwa mbele ya wazazi, mbwa na watu waliopotea njia.

Shule niliiacha mapema, kule Uvira, Kongo. Leo nina kampuni yangu ya kuhamisha vyombo, magari yana jina langu ubavuni, na wenye diploma wananiomba kazi. Kwa hiyo nikisema nilikuwa hodari, niamini tu.

Kipaji changu kiligunduliwa mtaa wa Skärholmen, nikiwa kibarua kwenye duka la vyakula. Nilikuwa nimekumbatia gunia la unga, napenya mbio katikati ya vigari vya watoto na akina mama wanaobishania bei ya bamia, bila kumgusa mtu. Mzungu mmoja mnene akasimama na mfuko wake wa viazi vitamu, akanitazama.

"Unaweza kufanya hivyo watu wakitaka kukuangusha?"

"Jumamosi hapa wanataka," nikamjibu.

Huyo ndiye akawa kocha wangu.

Kazi yenyewe wanaiita ranibeki. Unapewa mpira mkononi, unaukumbatia, unaingia kwenye ukuta wa wanaume walioumbwa kama friji, unatokea upande wa pili. Ukiufikisha eneo la mwisho, timu inapata pointi. Mimi nilikuwa naufikisha mlangoni. Hapo kocha ananipumzisha, mpira anapewa Mmarekani wetu, kijana aliyeletwa na klabu kwa ndege, naye anaingia kwa hatua moja, mikono juu. Gazeti la mtaa lilimwandika yeye. Mimi liliniandika mara moja tu, chini ya picha yake, kama "mwenzake".

Yeye alilipwa, mimi nilicheza bure. Msimu ule klabu ikapata nafasi ya mkataba mmoja zaidi. Kabla ya mechi ya mwisho nyumbani, kocha akanifuata kwenye kioski cha uwanja, ambako ilikuwa zamu yangu ya kuuza soseji. Ndiyo, huku hata nyota anauza soseji.

"Mimi najua unachofanya," akasema. "Bodi haijui. Bodi inasoma majina ya waliofunga, na lako halipo. Funga leo, mkataba ni wako. Usipofunga, watamchukua yule kijana wa timu ya Farsta."

"Basi niachie mpira tukifika mlangoni."

"Tutaona."

"Tutaona" ya Msweden ni hapana iliyovaa koti. Nikaona nijisaidie. Nikawapigia simu akina mama wa kwaya yetu ya mtaa wa Tumba waje kunishangilia.

Walikuja na vitenge vya sare, filimbi, na sambusa kwenye ndoo, binti yangu nyuma yao na simu yake. Kiongozi wao, ambaye sote tunamwita Mama Mukubwa, aliuliza mara moja tu jinsi mchezo unavyokwenda, kisha akakata tamaa. "Haizuru," akasema. "Weye ukifanya muzuri, tutaona kwa sura yako."

Mechi ikiwa sare na muda unakaribia kuisha, nikapewa mpira katikati ya uwanja. Nikapenya. Mmoja alishika shati, akabaki na hewa. Mwingine alinirukia, akalala. Mlangoni kabisa wawili walinibeba wakanitupa nje ya mstari, miguuni pa kwaya.

Nadhani sura yangu ilikuwa nzuri.

Sasa, kwetu mtu akifanya jambo kubwa hatembei juu ya udongo. Bibi harusi, mhitimu, mchungaji mpya, wote wanatandikiwa vitenge wapite. Mama Mukubwa alikuwa wa kwanza kuvuka kamba. Wenzake wakamfuata kwa vigelegele, wakatandika njia kutoka mstarini mpaka walipokusanyika wachezaji wenzangu. Ningefanyaje? Kukwepa kitenge cha mama aliyekutandikia ni tusi. Nikavikanyaga, polepole, kama inavyotakiwa.

Refarii akapuliza filimbi, akatupa kitambaa cha njano chini. Katika mchezo ule maana yake ni kosa. Lakini Mama Mukubwa akakiona, uso ukamng'aa.

"Muone," akawaambia wenzake, "hata huyu muzungu ametandika yake." Akainama, akakinyoosha vizuri mbele yangu. "Kanyaga, mwanangu. Usimuzarau."

Nikakikanyaga na hicho.

Adhabu: mpira urudishwe nyuma, mbali. Kocha alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Mmarekani alikuwa tayari anafunga kofia yake aingie, kocha akamzuia kwa mkono.

"Hapana," akasema, akinitazama mimi. "Wewe na shangazi zako mmeurudisha nyuma. Wewe ndiye utakayeupeleka mbele."

Niliupeleka. Sikumbuki hata niliwapita wangapi. Nakumbuka mstari mweupe chini yangu, kisha kimya. Nikageuka nishangiliwe. Uwanja mzima ulikuwa umeangalia kule, ambako Mama Mukubwa alikuwa anabishana na refarii wa pembeni aliyetaka atoke, huku akimlisha sambusa. Mpiga picha wa gazeti alikuwa kule. Simu zote zilikuwa kule, hata ya binti yangu.

"Umeniona?" nikamuuliza kwa ishara.

Akanijibu kwa Kiswidi, kwa sauti: "Baba, subiri kidogo."

Halafu spika ikatangaza mfungaji: Mmarekani. Mazoea. Nikaona mkataba unaondoka na treni ya Farsta.

Mmarekani mwenyewe alivua kofia, akakwea ngazi hadi kibanda cha mtangazaji, akagonga kioo. Sikusikia alichosema, ila alinyoosha kidole kwangu muda mrefu. Spika ikakohoa, ikataja jina langu. Kwaya ikaruka. Hawakujua kwa nini, walijua jina tu.

Tulipokuwa tunavua viatu, kocha akaja.

"Mkataba ni wako. Kwa masharti mawili. Zamu ya kioski inaendelea. Na wale akina mama wabaki nyuma ya kamba."

"Soseji nitauza," nikamwambia. "Hilo la pili tafuta mtu mwenye nguvu kuliko mimi."

Akacheka, ikabidi akae. Jumanne tukarudi mazoezini, mvua inanyesha. Nikaufikisha mpira mlangoni, na kocha akampa Mmarekani. Tofauti ni kwamba sasa nilikuwa nalipwa.