Mkeka wa Bu Painem

Bu Painem, yaani Mama Painem, ameuza pecel kando ya uwanja mkuu wa mji wetu hapa Java tangu binti zake wakiwa wa kubebwa mgongoni: mboga za kuchemsha, mchuzi wa karanga juu yake, na mkeka wa kukalia wateja. Mwaka jana mgambo wa mji wakamfukuza, na mkeka wakaondoka nao. Eti anachafua katikati ya mji! Uwanja ukawa safi kweli, na kimya kama makaburini.

Basi waheshimiwa wetu wakaanza kushangaa mbona watu hawaji tena mjini. Unadhani walimuuliza Bu Painem? Thubutu! Walishona batiki za sare, wakakodi basi lenye kiyoyozi, wakaenda mji wa Solo kujifunza kwa wenzao.

Juzi Pak Hargiyanto, diwani wetu, akapita nyumba kwa nyumba akigawa zawadi za safari, kama ilivyo desturi yetu. Bu Painem akapewa nini? Pakiti ya mchuzi wa karanga! Mimi jirani yake nilikuwepo, damu ikanichemka.

"Onja, Bu," akasema bila haya, akimwonyesha picha kwenye simu. "Wenzetu wanakaa chini kando ya barabara, wanakula, mji umechangamka ajabu! Na sisi tutafanya hivyo hivyo."

Pichani waheshimiwa wote wamejipanga mkekani, mashavu yamejaa chakula.

Bu Painem akamrudishia pakiti yake.

"Kumbe mkekani mnakaa, Pak. Sasa wangu mmeupeleka wapi?"