Nyasi za Uwanja wa Maziwa

Kwenye kalenda ya duka la dawa hapa Kitengela kuna picha ya uwanja wa mji mmoja wa kale huko ng'ambo. Una chemchemi katikati, sanamu ya mtu juu ya farasi, na wazee waliokaa kwenye mabenchi bila kazi yoyote. Kila mwezi nikienda kumchukulia mama dawa za presha huitazama ile picha na hasira hunipanda. Sisi pia tulikuwa na uwanja. Haukuwa na sanamu, ulikuwa na mavi ya ng'ombe, lakini ulikuwa wetu. Na mwandiko uliouuza ni wangu.

Ulikuwa nyuma kidogo ya barabara ya Namanga. Baba alikuwa akituambia kwamba kabla ya mji kuwepo, mifugo iliyopelekwa kuchinjwa ilipumzishwa pale, na wachungaji wakawasha moto na kungoja. Mji ulikuja baadaye ukakaa kando ya ng'ombe. Hakuna aliyeuliza hati. Nani huulizia hati ya mahali pa kupumzikia? Baada ya ng'ombe wakaja machifu na baraza zao, wakaja wahubiri na vipaza sauti, wakaja wanasiasa na ahadi. Wakati wa kiangazi yalikuja malori ya mahindi ya msaada, na tukapanga foleni juani. Wote walisimama pale katikati, wakasema yao, wakaondoka, na uwanja ukabaki.

Upande wa mawio walikaa akina mama wa Kimaasai na maziwa, zamani kwenye vibuyu, baadaye kwenye mitungi ya plastiki. Upande wa machweo walikaa akina mama waliotoka Mkoa wa Kati, na viazi, kabeji na maharagwe. Katikati hapakuuzwa kitu, kwa sababu palikuwa njia ya mifugo, na mvua ikinyesha nyasi ziliota hapo kabla ya mahali pengine popote.

Mwaka mmoja wa kiangazi kibaya, baba aliwaleta ng'ombe wake wa mwisho pale uwanjani. Wawili walilala njiani wakashindwa kuinuka. Waliobaki mnunuzi aliwatazama mbavu akacheka, na baba, mtu mwenye hasira za karibu, hakuinua mkono. Aliegemea fimbo yake tu. Mvua iliporudi, yeye hakuwepo tena duniani. Mama akachukua mtungi wa maziwa wa jirani akaenda kukaa upande wa mawio, na kwa maziwa hayo mimi nikasoma hadi nikawa mwalimu wa chekechea. Kwa hivyo nikisema uwanja ule ulinilea, sitii chumvi.

Lazima niseme kuhusu zile nyasi. Kwetu, mtu akikukosea au akikuomba amani, kisha akang'oa nyasi na kuzishika mkononi mbele yako, unanyamaza. Hata kama ulikuwa umeinua fimbo, unaishusha. Nyasi ni ng'ombe, na ng'ombe ni uhai. Nyumbani kwetu aliyekosewa akizipokea zile nyasi, neno limekwisha na halirudiwi tena.

Siku moja mama aligombana na mama mmoja wa viazi, aliyekaa mkabala naye. Ilikuwa juu ya mbuzi fulani aliyekula kabeji, na mama alitupa maneno mazito. Kesho yake alijuta, akang'oa nyasi katikati ya uwanja, akavuka upande wa pili na kuzinyoosha. Mama wa viazi alishangaa.

"Unanipatia nyasi? Kwani mimi ndio mbuzi?"

Uwanja mzima ulicheka. Alipoelezwa alizipokea, akazifunga kwenye ncha ya leso yake, na tangu siku hiyo wakawa marafiki wa kuchangia chai. Mama akichelewa sokoni, yule mama alikuwa akimsalimu kwa Kimaasai, kwa kelele kutoka upande wa pili, "Takwenya! Mbuzi wako amekungoja!" Na mama alijibu "Iko!" huku akicheka.

Halafu ukaja mkutano.

Tuliambiwa ni wa kutoa maoni juu ya maendeleo. Kulikuwa na hema, viti vya plastiki, soda na mkate. Watu wenye viatu visivyo na vumbi waliongea kwa muda mrefu juu ya soko la kisasa, lenye paa na vyoo, nasi tukapiga makofi. Hakuna aliyeuliza soko hilo litakuwa la nani. Mwishoni mmoja wao aliuliza kama kuna mwalimu kati yetu. Nikasimama.

"Mwalimu, wewe lazima uko na mwandiko safi. Tuandikie majina ya waliokuja, ndio soda zitoshe."

Kichwa kikanivimba. Nilikaa kwenye meza yao, nikapewa kalamu yao na karatasi zenye mistari: jina, namba ya kitambulisho, sahihi. Juu hapakuwa na neno. Niliandika herufi kama ninavyowaandikia watoto ubaoni, za mviringo na zilizonyooka, na asiyejua kuandika nilimshika kidole nikakibonyeza kwenye wino.

Mama alipofika alitazama karatasi kwanza.

"Hii ni ya nini?"

"Ni ya soda tu, yeyo. Weka kidole."

"Wewe ndio umesoma," akasema, akaninyooshea kidole gumba chake cha kulia, kile chenye kovu la kisu lililokikata katikati kama njia ya mchwa.

Nyuma yake alikuwa mama wa viazi. Yeye alirudi hatua moja. "Mimi siwekangi sahihi kwa karatasi haina kichwa."

"Unaogopa karatasi," nikamwambia kwa sauti, "na soda hukuogopa?"

Watu walicheka. Aliona aibu, akatia sahihi. Kicheko kile nakisikia mpaka leo, na nilikianzisha mimi.

Miezi ikapita. Asubuhi moja tulikuta uwanja umezungushiwa mabati na tingatinga iko ndani. Akina mama waliingia kwa nguvu kupitia pengo, wakapiga kelele, wakatishia, wakaomba kwa jina la Yesu. Mama hakupiga kelele. Alienda katikati, akang'oa nyasi kwa mikono miwili, akasimama mbele ya ile mashine akiziinua juu. Mashuka yake yalikuwa yakipepea. Dereva alikuwa kijana wa mbali, hakuwa mkorofi. Alitoa kichwa nje.

"Mathe, kama ni za ng'ombe wako chukua haraka uende, nisikuumize."

Mama alibaki amesimama. Alikuwa hajawahi kuona mtu akionyeshwa nyasi na bado akaendelea na shari. Mashine ikanguruma, ikasogea, na aliyekimbia kumvuta mkono hakuwa mimi. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye pengo la mabati, nimeganda, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuelewa. Aliyekimbia alikuwa mama wa viazi.

Wiki iliyofuata tulienda Kajiado, kwenye ofisi za ardhi, mimi, mama na mama wa viazi, kuuliza nani alikubali. Tulipelekwa ofisi hii na ile, tukakaa kwenye benchi la korido hadi mchana, mpaka karani mmoja mwenye macho ya uchovu akatuhurumia na kutoa faili. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umepigwa chapa: sisi wakazi, kwa hiari yetu, tumekubali uwanja huu ukabidhiwe mwekezaji. Nyuma yake zilikuwa zimebanwa kwa pini karatasi za mistari, na kwenye mistari, herufi za mviringo na zilizonyooka.

"Lakini hii ilikuwa ya soda," nikasema.

"Madamu," karani akajibu polepole, "hapa hakuna mahali wameandika soda."

Akageuza faili kumwelekea mama. Mama hajui kusoma, lakini kidole chake anakijua. Aliinama, akaona alama nyeusi yenye mstari mweupe uliokata katikati. Akatazama kidole chake. Kisha akanitazama mimi.

"Hii ndio ile uliniambia ni ya soda?"

Ningeweza kusema ndiyo. Neno moja tu, mbele ya watu wawili.

"Hapana, yeyo," nikasema. "Hii ni ingine. Walighushi."

Karani aliangalia dirishani. Mama wa viazi alinitazama usoni, na sikuweza kumtazama. Mama alifunga shuka vizuri begani.

"Basi ni wezi," akasema.

Tuliporudi alimwambia kila mtu kwamba wezi walighushi kidole chake. Aliapa kanisani. Mtu akianza kusema kwamba binti yake ndiye aliyeandika majina, alimkata kauli kwa ukali. Alinitetea hadi mahali ambapo hapakuhitaji utetezi, na kila aliponitetea nilijiona mchafu zaidi. Mama wa viazi alihamia Kware, kule Ongata Rongai, kutafuta mahali pa kuuzia. Siku ya kuaga alinivuta kando.

"Mwalimu, mimi sitasema. Lakini wewe utasema."

Majuto ni mjukuu, na huyu wangu sasa ana miaka yake. Soko la kisasa lilijengwa, si la viazi wala la maziwa. Ni ghorofa la maduka ya vioo, mkahawa na mahali pa kuegesha magari. Mama hauzi kitu tena. Presha ilimpata, miguu imevimba, hukaa mlangoni mwa nyumba yangu akitazama upande ule, ingawa ghorofa limeziba kila kitu.

Mwezi uliopita nilitoka kumchukulia dawa, nikatazama kalenda ile na chemchemi yake, na nikaamua kwamba imetosha. Nilienda uwanjani. Nilitaka ziwe nyasi za mahali pale pale aliposimama mama. Nilitembea nikikadiria, mawio huku, machweo kule, hadi nikapapata. Chini yote ni kabro, matofali ya saruji. Lakini mbele ya mkahawa palikuwa kijani, pamezungushiwa kamba, na kibao kimesema nyasi zisikanyagwe. Niliinama nikavuta. Zilikuwa za plastiki. Askari wa mlangoni aliniuliza kama nimepoteza kitu, nikamwambia ndiyo.

Nyasi za kweli nilizipata kando ya mtaro, nyuma ya ghorofa, zikiwa na vumbi na harufu ya maji machafu. Niling'oa konzi moja nikaenda nazo nyumbani.

Mama alikuwa mlangoni. Nilipiga magoti mbele yake nikazinyoosha kwa mikono miwili. Nilikuwa nimejiandaa aniulize ni za nini, ndipo nianze kueleza: karatasi, mwandiko, Kajiado, uongo. Hakuuliza. Alizitazama tu, na nikajua kwamba alijua tangu siku ile ofisini, na kwamba alikuwa akiningoja.

Alinyamaza, kama desturi inavyotaka. Nikasubiri na mikono yangu imenyooka hadi mabega yakauma na nyasi zikalegea.

Alikunja mikono yake ndani ya shuka, vidole vyote, na hakuzipokea.