Karatasi Iliyofungwa kwa Nta

Jana fundi viatu wa mtaani kwetu alikuwa akipaka uzi wake nta, nami nikasimama barabarani kama mtu aliyesahau aendako. Harufu ile hunirudisha Tabora, kwenye bweni la wasichana, nikiwa kidato cha pili.

Chuo kikuu nilichomaliza juzi kimeniomba niandike jinsi lile Baraza la Mataifa la kuigiza la wanafunzi wa sekondari lilivyoanza. Nimeanza mara tano. Kila mara naeleza bendera za karatasi, kisha nafuta, maana kinachonisumbua si bendera.

Mwaka ule wa kwanza walitujia vijana wawili wa chuo, kwa treni kutoka Dar es Salaam, suruali zao pana, vidole vyeusi kwa wino wa stensili. Walituambia kila msichana atasemea nchi moja, na hoja itakuwa ukombozi wa Msumbiji. Atakayewashinda wengine atakwenda kusema kwenye ukumbi wa chuo. Nchi tulizipata kwa kura: karatasi zilizokunjwa na kufungwa kwa nta, zisifunguliwe mpaka kengele ya saa nane.

Mimi ni mtoto wa mrina asali wa Sikonge. Nta naijua kuliko hesabu. Tena ni mtu wa kuwaza. Baba alizoea kusema kwamba mimi naumwa na nyuki kabla mzinga haujatundikwa. Sikuweza kungoja kengele. Niliipasha karatasi moto kwapani, nikaifungua taratibu.

Ureno.

Ureno, ambao kila asubuhi mstarini tuliimba kwamba tutaufukuza Afrika!

Kitanda cha pili kilikuwa cha Damari, Mgogo, binti wa mfanyakazi wa reli. Wagogo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Alikula karanga zangu, nilivaa khanga zake, na hakuna aliyeomba ruhusa. Karatasi yake ilikuwa juu ya mto; mwenyewe alikuwa bombani, akiihutubia ndoo kwa niaba ya Tanzania, nchi aliyoomba usiku na mchana aipate. Kaka yake alikuwa askari mpakani, kule kusini.

Nikabadilisha. Nikaibana nta kwa kidole gumba, nikajiambia: utani tu.

Kengele ilipolia, karatasi iliyokuwa yake ilisema Tanzania.

Damari aliitazama ile nyingine muda mrefu, akaigeuza, akaipitisha puani. Kisha akaenda kuketi nyuma ya bendera ya Ureno. Aliposimama kusema, ukumbi ulichemka.

“Kaa chini, Mreno!”

“Funga virago, Mreno!”

Hakuruka hata neno moja. Ikafika zamu yangu. Nilirudia maneno ya redioni, na nilipoona makofi yanapoa nikamnyooshea kidole mtani wangu: “Huyu hana haya!” Wakapiga madawati. Nikashinda.

Mpaka kidato cha nne aliitwa Mreno. Hata jikoni: “Mpeni Mreno ukoko.” Mimi nilicheka pamoja na wenzangu, kwa kuogopa kwamba nisipocheka watajiuliza kwa nini.

Siku ya safari yangu ya kwenda kusema chuoni, Damari alinisindikiza stesheni. Ilikuwa asubuhi ya baridi ya Juni, naye amevaa sweta la bluu alilofumiwa na mama yake. Nililivuta, nikalivaa, nikapanda behewani nikicheka.

“Lete sweta langu, mla panya wewe!” alipiga kelele, naye akicheka. Halafu akalisogelea dirisha, akashusha sauti. “Basi nenda nalo, mtani. Hilo umelichukua nikiona.”

Nilidhani anazungumzia sweta. Nilikuwa nimepita Dodoma, kwao, nikiwaza hotuba yangu, na bado nilidhani hivyo. Ilinichukua miaka kuelewa. Mtani huchukua mbele ya macho ya mwenye mali, ndiyo maana wote wawili hucheka. Nilichofanya bwenini kina jina jingine, na Damari alikuwa amelijua tangu aliponusa jasho langu kwenye ile karatasi.

Sweta ninalo bado. Lile jina la Mreno, Damari alilikuta linamngoja bwaloni kila mlo, nami nilikuwepo, nikila.